Piga simu saa nane usiku kabla hujajiandikisha

Watu wakimtafutia mgonjwa wao huduma ya tiba shufaa, yaani ya kutuliza maumivu na mateso ya ugonjwa mzito, huanza kwa kuuliza bei, kisha wanauliza kama kuna vitanda. Hakuna ubaya kuuliza, ila majibu yake hayakuambii mgonjwa atalalaje leo. Hapa Tanzania sehemu kubwa ya tiba shufaa haina vitanda kabisa. Muuguzi anakuja nyumbani, au mgonjwa anapelekwa kliniki mara moja kwa wiki mbili na kurudi kulala kwake. Hata neno hospisi limeonewa: wengi wakilisikia wanafikiri ni nyumba ya kwenda kufia, wakati mara nyingi ni nesi mwenye begi, daftari na chupa za dawa. Kwa hiyo ukienda kukagua jengo na gari lenye nembo, umekagua vitu ambavyo mgonjwa hatavitumia.

Kagua usiku. Maumivu ya saratani huchachamaa usiku, nyumba ikiwa kimya, maduka ya dawa yamefungwa na bodaboda hazionekani. Omba namba ya dharura, kisha ipige Jumamosi saa nane usiku, kabla hujasaini chochote. Simu ikiita mpaka ikakatika, au akipokea mlinzi anayesema "daktari atakuja Jumatatu", umeshapata jibu na hukulipa kitu. Akipokea mtu mwenye sauti ya usingizi akauliza mgonjwa ni nani, anatumia dawa gani na dozi ya mwisho amekunywa saa ngapi, hapo pana huduma. Mwambie ukweli kwamba ulikuwa unataka kujua utaratibu, mwombe radhi, mwache alale. Kundi la WhatsApp si simu ya dharura, hata likiwa na madaktari kumi ndani yake.

Baada ya simu, dawa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo huduma nyingi zinapoanguka.

Mofini ya maji ndiyo dawa kuu ya maumivu makali ya saratani. Kwa miaka mingi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ndiyo imekuwa ikichanganya unga wa mofini kuwa dawa ya kunywa na kuzigawia hospitali nyingine. Mtoa huduma akikwambia anatibu maumivu ya saratani, muulize mofini anaipata wapi, nani anaandika cheti cha dawa, na huyo anayeandika anapatikana vipi siku za Idi na Pasaka. Uganda walilegeza sheria: tangu 2004 wauguzi na maafisa tabibu waliofuzu mafunzo maalumu wanaandika mofini wenyewe. Pale ambapo lazima daktari asaini, daktari mmoja akisafiri, wagonjwa wa wilaya nzima wanaweza kubaki na panado. Usikubali jibu la "tutaangalia". Ama wana njia, ama hawana.

Kisha tazama jinsi wanavyoiandika. Mofini ya maji hufanya kazi kwa saa nne hivi. Kwa hiyo hutolewa kwa saa, maumivu yawepo yasiwepo: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku dozi mara mbili ili mgonjwa alale mpaka asubuhi bila kuamshwa. Mtu mzima ambaye hajawahi kuitumia huanzishiwa kiasi kidogo, kwa kawaida miligramu 2.5 hadi 5 kila mara, na mzee sana au mwenye figo dhaifu huanzia chini zaidi na kuangaliwa kwa karibu. Cheti kikisema "anywe akiumwa" peke yake, aliyekiandika hajui maumivu ya saratani. Mgonjwa atasubiri aumie, dawa ichukue nusu saa au zaidi kufanya kazi, na atashinda akiyakimbiza maumivu yaliyokwisha mtangulia.

Dozi ya ziada lazima iwepo, nayo kwa kawaida hulingana na dozi moja ya kawaida ya mchana, si ile ya usiku iliyo mara mbili, kwa ajili ya maumivu yanayochomoza katikati. Familia huandika kila ilipotolewa. Muuguzi anayejua kazi akija anauliza kwanza zilikuwa ngapi, kisha anapiga hesabu mbele yenu. Mgonjwa anakunywa miligramu 30 kwa siku, jana alihitaji dozi tatu za ziada za miligramu 5, jumla 45. Gawanya kwa sita, maana ya usiku huhesabiwa mbili: dozi mpya ni miligramu 7.5. Asiyezihesabu dozi za ziada hana njia ya kujua kama dawa inatosha.

Hesabu nyingine ifanye wewe mwenyewe unapokabidhiwa chupa. Tuseme dawa ni miligramu 1 kwa kila mililita na dozi ni mililita 5. Mara nne ni mililita 20, ya usiku 10, jumla 30 kwa siku. Wiki moja ni 210, na hapo dozi za ziada hazijaingia. Ukipewa chupa ya mililita 100 na kuambiwa urudi baada ya wiki, itakauka siku ya nne saa nne asubuhi. Wengi hudhani mgonjwa "amezidisha". Hakuzidisha kitu, hesabu haikupigwa.

Hatari kubwa zaidi ni nguvu ya dawa kubadilika. Mofini ya maji huchanganywa kwa viwango tofauti. Chupa ya mwanzo ikiwa na miligramu 5 katika mililita 5, na inayofuata ina miligramu 50 katika mililita 5, familia iliyozoea "kipimo kile kile" inampa mgonjwa mara kumi. Uganda hutia rangi ili zisichanganyike, ya kijani ndiyo hafifu na ya pinki ndiyo hiyo kali mara kumi. Usiegemee rangi ukiwa nchi nyingine, soma lebo. Lebo inayofaa inaonyesha miligramu kwa mililita, tarehe ya kuchanganywa na tarehe ya mwisho wa matumizi. Chupa ya maji ya kunywa iliyoandikwa jina la mgonjwa kwa kalamu, bila nguvu ya dawa, irudishe palepale dirishani. Na wakupe sirinji ya kupimia, si ushauri wa kutumia kijiko: vijiko vya jikoni havilingani.

Siku ileile ya mofini lazima iandikwe dawa ya kulainisha choo, kwa mfano bisakodili usiku. Mofini hufunga choo karibu kwa kila mtu na mwili hauzoei. Kichefuchefu na usingizi wa siku mbili tatu za mwanzo huwa vinapungua, kufunga choo hakupungui. Mgonjwa akifunga choo siku tano familia husema mofini ni mbaya na kuiacha, kumbe kosa ni la aliyeandika dawa moja badala ya mbili. Dalili nyingine za huduma isiyojua kazi: sindano za daiklofenaki kila siku kwa wiki kadhaa, tramadoli, ndugu hafifu wa mofini, kuendelea kando yake bila sababu, na ile kauli ya kwamba mofini "inaletwa mwishoni kabisa". Mofini huletwa maumivu yakiwa makali, hata kama mgonjwa ana miaka mbele yake.

Ziara ya kwanza huchukua saa nzima au zaidi. Ikiisha kwa dakika kumi na tano na kipimo cha presha, wamekuja kufungua faili tu. Tazama muuguzi anazungumza na nani. Anayefaa anamwamkia mgonjwa kwanza, "Shikamoo bibi", anavuta kiti mpaka usawa wa macho yake na kumuuliza yeye, si mwanawe aliyesimama mlangoni na pochi. Anamwomba aonyeshe maumivu kwa vidole: ngumi ni hakuna maumivu, vidole vitano ni makali kupita yote. Anachora mahali panapouma. Anafunua shuka na kutazama makalio, visigino na mgongo, maana vidonda vya kulalia havionekani juu ya khanga. Anatazama kinywa, akikuta utando mweupe anatibu fangasi. Anauliza choo bila haya. Kama kuna kidonda kinachonuka, au uchafu wa saratani ya shingo ya kizazi, haishii kuziba pua na kusema "pole": vidonge vya metronidazole vilivyosagwa na kunyunyiziwa kwenye kidonda hupunguza harufu kwa siku chache, na bei yake ni ndogo. Harufu ndiyo huwafukuza wageni chumbani, kwa hiyo kuitibu si jambo la urembo.

Kabla hajaondoka anaacha karatasi yenye majina ya dawa, saa zake, nguvu yake na namba ya usiku. Kisha anamwambia anayeuguza apime dozi mbele yake, na amgeuze mgonjwa mbele yake. Kuonyesha peke yake hakutoshi, kwani mtu akiwa na hofu huitikia kwa kichwa bila kuelewa. Mgonjwa akianzishiwa mofini leo, kesho au keshokutwa lazima apigiwe au atembelewe. Siku mbili zikipita maumivu yakiwa palepale na hakuna aliyebadilisha kitu, uliza kwa nini. Jibu lisiporidhisha, anza kutafuta kwingine wakati bado kuna nguvu za kuhama.

Kuna kipimo kilichotengenezwa kwa ajili ya huduma za Afrika na shirika la tiba shufaa la bara lenye makao Kampala. Kina maswali kumi kuhusu siku tatu zilizopita: saba ya mgonjwa, kuhusu maumivu, dalili nyingine, wasiwasi, kama ana wa kumweleza yaliyo moyoni, kama ana amani; na matatu ya anayemuuguza. Kila swali hupewa alama kuanzia 0 hadi 5. Waulize wanatumia kipimo gani, na mgonjwa wako alipata ngapi wiki iliyopita. Swali hili linawafaa hasa walio mbali, wale watoto wa Muscat na Houston wanaolipa kwa simu na kutumiwa picha za nesi akitabasamu kando ya kitanda. Picha si taarifa. Omba namba mbili kila wiki, maumivu na wasiwasi, pamoja na idadi ya dozi za ziada.

Wafanyakazi: sare nyeupe haimfanyi mtu muuguzi. Uliza namba ya usajili wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, na kama ni kampuni binafsi, kibali chake. Mhudumu wa kuosha na kulisha ana thamani kubwa, lakini usilipishwe bei ya muuguzi kwa kazi ya mhudumu. Uliza kila muuguzi ana wagonjwa wangapi na wanakaa wapi. Mwenye wagonjwa wanane waliotawanyika kati ya Bunju, Mbagala na Chanika hatawafikia kwa siku moja, foleni ya Dar unaijua. Bei iandikwe ikitaja ndani yake kuna nini: glovu, bandeji, mpira wa mkojo, pampasi, nauli. Na mgonjwa akifariki siku ya tatu ya mwezi uliolipiwa, inarudi kiasi gani? Swali linakera, liulize.

Mtoa huduma anayeahidi kuponya, au anayeuza unga wa mitishamba pembeni, muage salama. Vivyo hivyo anayemtundikia dripu mgonjwa aliye ukingoni ili familia "ione kazi". Maji hayo mara nyingi huishia kwenye miguu na mapafu. Kuhusu kumwambia mgonjwa ukweli, ndugu wengi huomba afichwe. Muuguzi mzuri hawafokei ndugu, wala hadanganyi. Anamuuliza mgonjwa mwenyewe angependa kujua kiasi gani, na mara nyingi inaonekana alishajua kitambo. Mgonjwa mwanamke akitaka ahudumiwe na mwanamke, apewe. Imamu au padri aitwe akitakwa na mgonjwa, na asiyetakwa asiletwe na ofisi.

Swali la mwisho la kuuliza siku ya kwanza ni hili: siku ya kufa itakuwaje? Huduma iliyozoea inajibu bila kubabaika. Inaeleza mapema kwamba kula kutakoma, miguu itapoa, pumzi itakuwa na vituo, huenda pakawa na mkoromo unaowatisha wanaosikiliza kuliko unavyomsumbua mgonjwa. Inaeleza mgonjwa asipoweza kumeza mofini atapewaje: kidogo kidogo ndani ya shavu, au sindano ya chini ya ngozi. Inaeleza nani atathibitisha kifo usiku, karatasi gani itakwenda serikali ya mtaa kwa kibali cha mazishi na ipi itabaki kwa ajili ya cheti cha kifo cha RITA, wakala wa usajili wa vifo. Wasiojipanga husema "mkimbizeni hospitali", na mgonjwa anafia kwenye bajaji.

Baada ya mazishi, mofini iliyobaki hairithiwi wala haimwagwi sinki. Muuguzi anakuja kuichukua, anaipima mbele yenu, anaandika mililita zilizobaki kwenye rejista na mnasaini. Wiki mbili hivi baada ya matanga anapiga tena, kumuuliza aliyekuwa akiuguza kama amepata usingizi.