Kipimo cha Saa Saba Mchana

Kipima oksijeni kilisoma miligramu 11 kwa lita. Jua la saa saba, maji ya magotini, nami nikafurahi peke yangu kama mtu aliyeokota pesa. Nikaandika daftarini: mto una afya. Kisha nikageuza jiwe.

Nilikuwa nawatafuta wale mabuu wa mikia mitatu myembamba kama nywele, wasiovumilia maji mabaya. Hakuna. Jiwe la pili, la tatu, nadhani nilifika la kumi na mbili. Nikakokota wavu topeni, ukaja na funza wekundu tele. Wekundu wao ni wa himoglobini, ya jamii moja na ile iliyo katika damu yetu, na ndiyo huwawezesha kuishi oksijeni inapokuwa haba. Sasa nani mwongo, mashine au funza?

Kusema kweli ningeshtuka mapema. Maji yalikuwa na nyuzi 24 za selsiasi, na kwa joto hilo hewa peke yake huyapa maji kama miligramu 8.4 tu. Ile ziada imetoka wapi? Jibu lilikuwa limenizonga miguuni: mwani, nyuzi ndefu za kijani juu ya kila jiwe. Mchana hutumia mwanga kutengeneza chakula na kumwaga oksijeni majini. Usiku unaacha kutoa, lakini kupumua hauachi, na samaki na bakteria wote wanachota akiba hiyo hiyo.

Nikarudi saa kumi na moja alfajiri, taa kichwani. Nilisimama nikitazama kule maji yanakotoka, chupa mbele yangu, ili tope la miguu yangu lisiingie. (Mwaka wangu wa kwanza nilisimama kinyume, nikaripoti mto umechafuka kumbe mchafuzi ni mimi.) Oksijeni: 2.9. Hata pH, kipimo cha uasidi ambacho hushuka uasidi unapozidi, ilikuwa 8.8 mchana ikashuka hadi 7.4, kwa sababu usiku mwani hauli tena kaboni dioksidi, gesi inayotia maji uasidi.

Kwa hiyo funza walisema kweli. Mashine nayo haikudanganya. Ilijibu nilichouliza, yaani hali ya saa saba. Funza wameishi humo usiku wote, wiki baada ya wiki.

Tangu hapo kwenye fomu zangu safu ya kwanza ni saa, kabla hata ya joto. Nitrati, chakula cha mimea kama kilichomo kwenye mbolea, zilikuwa juu pia, na mwani haunenepi bure. Jumamosi napanda na mto, nikipima kila kijito kinachoingia.