Tikiti kubwa linaanza mwezi wa kumi, tena linaanzia kwenye chokaa

Wengi wenu mliona ile picha ya tikiti la kilo 61 nililovuna Agosti 2024, na tangu siku hiyo watu hawaachi kuniuliza ni mbegu gani, ni mbolea gani, nilikuwa nalinyweshea nini. Mbegu ni Carolina Cross, hiyo haina siri, inauzwa na yeyote anaweza kununua. Mbolea ya kawaida tu. Ila mwaka wa kwanza nilipanda mbegu hiyohiyo, shamba lilelile, mbolea nikamwaga nyingi kuliko sasa, nikaambulia tikiti la kilo 21 ambalo kitako chake kilikuwa kimeoza cheusi kama kimeunguzwa na pasi. Kilichobadilika katikati ni udongo, na leo naongelea hilo tu.

Mimi nakaa North Carolina, upande wa Greensboro, na huku udongo ni mfinyanzi mwekundu, ukinyeshewa unang'ang'ania kwenye buti na ukikauka unakuwa tofali. Mvua ni zaidi ya milimita elfu moja kwa mwaka na imekuwa ikinyesha hivyo kwa maelfu ya miaka, sasa maji yakishuka chini yanaondoka na kalsiamu na magnesiamu, kinachobaki juu ni tindikali. Mwaka ule wa kwanza mimi nikaongezea tatizo bila kujua kwa sababu nilikuwa nakuzia kwa SA (salfeti ya amonia), mbolea ambayo nyumbani Mkuranga, Tanzania, tumeizoea, na SA ni moja ya mbolea zinazochachusha udongo kuliko zote, wale bakteria wakiigeuza ile amonia kuwa naitreti wanaacha asidi nyuma yao. Mimea ikadumaa, majani ya rangi ya njano njano, nikadhani ina njaa, nikaongeza SA tena.

Mzee mmoja jirani, Mmarekani aliyelima matikiti makubwa maisha yake yote, alikuja akasimama pembeni ya shamba akaangalia kwa muda mrefu halafu akaniuliza swali moja tu, umeshapima udongo? Sikuwa nimepima. Akaning'olea mche mmoja akanionyesha mizizi, ilikuwa mifupi, minene, imebutuka kwenye ncha, hakuna ile mizizi myembamba kama nywele. Akaniambia hiyo ni kazi ya alumini. Udongo wa mfinyanzi una alumini tele lakini pH (kipimo cha uchachu, namba ikishuka uchachu unapanda) ikiwa nzuri imejifungia haina madhara, ikishuka chini ya 5.5 hivi inaanza kuyeyuka kwenye maji ya udongo na inaua ncha za mizizi. Sasa hebu fikiria mmea unaotakiwa kulisha tunda zito kuliko mtoto wa darasa la pili, na hauna mizizi. Na fosforasi uliyoweka nayo inashikwa na hiyohiyo alumini, kwa hiyo hela yako ya mbolea imezikwa pale chini na mmea hauipati.

Nikapima. Huku jimbo lina maabara yake kule Raleigh, kuanzia Aprili mpaka Novemba wanakupimia bure na miezi ya Desemba mpaka Machi ndipo wanatoza dola 4, kwa hiyo mimi hupeleka Oktoba. Unachimba sehemu kama 15 au 20 za shamba, kina cha sentimita 15 mpaka 20, unachanganya kwenye ndoo ya plastiki (sio ndoo ya bati, bati lina zinki na litaharibu majibu) halafu unachukua kidogo cha ule mchanganyiko ndio unatuma. Vile vijiti vya kuchoma kwenye udongo vinavyouzwa bei rahisi mimi nilikuwa nacho, kikanisomea 6.5. Maabara ikasema 4.9. Na mkumbuke hizo namba zinaenda kwa mara kumi kumi, udongo wa 5 una tindikali mara kumi ya udongo wa 6, kwa hiyo tofauti ile sio ndogo hata kidogo.

Tikiti maji lenyewe ni vumilivu, kuliko binamu zake wengi, hata kwenye 5.5 utavuna tikiti la kula na majirani watakusifu. Lakini tikiti la kula na tikiti kubwa la mashindano ni vitu viwili, hapa mmea mmoja unabeba tunda moja tu, unalala na tunda hilo zaidi ya mwezi likiongezeka kilo kila siku, hapo hakuna nafasi ya kuvumilia chochote. Mimi nalenga 6.2 mpaka 6.5.

Majibu yalisema ili kupandisha pH nahitaji kama kilo 45 za chokaa ya kilimo kwa eneo la mita za mraba 93, ambayo ni mifuko miwili na nusu ile ya kilo 18. Nikachagua ya dolomaiti, ile yenye kalsiamu na magnesiamu, kwa sababu magnesiamu yangu nayo ilikuwa chini, kama magnesiamu ingekuwa ya kutosha ningechukua ile ya kalsiamu tupu. Nusu nikamwaga kabla ya kulima, nikapitisha pawatila, nusu nyingine nikamwaga tena nikapitisha kwa upande wa kukatisha. Hapa naomba mnisikilize vizuri: chokaa haitembei. Ukiimwaga juu ukaiacha itatibu sentimita chache za juu na miaka itapita kule chini bado ni chachu, lazima iingie kwenye kina cha mizizi na lazima iguse udongo. Na inataka muda, miezi mitatu, sita, wakati mwingine zaidi, na inataka unyevu. Ndio maana nasema Oktoba. Anayekumbuka chokaa Mei akiwa na mche mkononi ameshachelewa, hiyo itamfaa mwaka unaofuata.

Na usimwage chokaa siku moja na urea au SA au samadi mbichi, naitrojeni itakutoroka hewani kama gesi ya amonia, utaisikia harufu kabisa.

Sasa dada yangu Mkuranga, ambaye analima matikiti ya kupeleka soko la Dar, kuona picha akanipigia WhatsApp, "Kaka, na mimi nimwage mifuko miwili na nusu?" Nikamwambia dada subiri kwanza. Udongo wake ni kichanga. Mfinyanzi ni kama godauni, pH inayosoma ni ile tindikali iliyo mlangoni tu, ndani kuna akiba nyingine imeshikiliwa, ukiiondoa ya mlangoni ya ndani inatoka. Kichanga hakina godauni. Udongo wake na wangu unaweza kusoma namba ileile moja na yeye akahitaji nusu ya chokaa yangu au chini ya hapo, na akimwaga ya kwangu atapitiliza 7, hapo chuma, manganizi, zinki na boroni vinakuwa havipatikani, majani machanga yanageuka njano mishipa ikibaki kijani. Na kushusha pH ni kazi ngumu kuliko kupandisha, salfa inategemea bakteria na joto na subira. Nikamwambia apeleke sampuli kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano kule Tanga au chuo kikuu cha kilimo SUA Morogoro, kwa sababu mimi siwezi kumpimia udongo kwa simu. Akapeleka, na ikaonekana alihitaji kidogo sana.

Majivu je? Aliniuliza hilo pia maana anapikia kuni. Yanafanya kazi, yana nguvu kama nusu ya chokaa na yanaenda haraka, na yana potasiamu ambayo tikiti linaipenda, ila ukimwaga kila siku jivu jipya pembeni ya shina lilelile utachoma sehemu hiyo. Tawanya. Na jasi haipandishi pH, inakupa kalsiamu tu, wauzaji wengine wanachanganya hivi viwili na wanakuuzia kimoja kwa jina la kingine.

Kuhusu kuoza kitako, nilifikiri chokaa imemaliza lakini 2023 tunda moja likaoza tena ingawa pH ilishafika 6.1. Kalsiamu inasafiri na maji, udongo ukikauka siku nne halafu ukaumwagilia mafuriko, kalsiamu ipo lakini haifiki kwenye kile kitako cha tunda changa. Nikafunga dripu, maji kidogo kidogo kila siku, halijatokea tena. Mwaka huo nilifika kilo 46.

Faida nyingine ambayo sikuitegemea ni mnyauko fuzari. Huyu fangasi anakaa kwenye udongo miaka na miaka na anapenda uchachu, ukipandisha pH karibu na 6.5 na naitrojeni yako ukaibadilisha kuwa ya naitreti badala ya amonia anapungua nguvu. Haondoki kabisa, kupumzisha shamba bado ni lazima, lakini kwangu mche mmoja tu ulinyauka 2024, wakati ule mwaka wa kwanza ilinyauka minne kati ya saba.

Rekodi ya dunia ni kilo 159, Chris Kent wa Sevierville, Tennessee, 2013. Safari yangu bado ndefu na naipenda. Na linanipa raha moyoni kwamba ndugu wa karibu kabisa wa tikiti tunalokula, kama wanasayansi walivyoonyesha 2021, ni tikiti la Kordofan kule Sudan, yaani hawa Wamarekani wanashindana na tunda la kwetu.

Mwaka jana maabara ilisoma 6.4 na safu ya chokaa wakaandika sifuri. Nilifurahi, lakini mvua za huku hazijaacha kunyesha na mbolea bado naweka, kwa hiyo Oktoba ndoo ya plastiki inatoka tena stoo.