Mikono ya Mama na vidonge vya pumu

Tangu Mama alipoongezewa vidonge vya salbutamoli juu ya dawa yake ya kuvuta, mikono yake inatetemeka. Ni mtetemo mwembamba unaoonekana anapotunga uzi kwenye sindano au anapopokea kikombe, na hutulia anapoilaza mikono mapajani. Jirani alimwambia kwamba hiyo ni dalili ya kupooza, naye akaanza kuruka dozi kimyakimya, jambo ambalo kwa mgonjwa wa pumu ni la hatari kuliko mtetemo wenyewe.

Inaniuma kwamba alikabidhiwa vidonge bila kuelezwa neno hata moja. Salbutamoli hulegeza misuli inayobana njia za hewa kwa kuamsha vipokezi viitwavyo beta-2, yaani sehemu za seli zinazopokea ishara ya dawa, na vipokezi hivyo vimo pia katika misuli ya mikono, ndiyo maana hutetemeka. Mpulizo mmoja wa dawa ya kuvuta huwa na mikrogramu 100 zinazoelekezwa mapafuni. Kidonge kina miligramu 2 au 4, yaani mara 20 hadi 40 ya kiasi hicho, nacho husambaa mwili mzima kupitia damu. Kwa wengi mtetemo hupungua mwili ukizoea.

Mtu mwingine, kwa nia njema kabisa, alimshauri Mama ameze propranololi, dawa ya moyo na shinikizo la damu, ili mikono itulie. Ni kweli kwamba dawa hiyo hupunguza mtetemo, lakini huweza kubana njia za hewa za mwenye pumu hadi akakosa pumzi, kwa hiyo nilikataa katakata.

Si kila mtetemo wa dawa ni wa kuvumiliwa. Haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili inayozuia kazi ya dopamini, kemikali ya kupeleka ishara kwenye ubongo, huweza kuleta mtetemo wa mikono iliyopumzika pamoja na ukakamavu, mithili ya ugonjwa wa Parkinson. Anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza mabadiliko makali ya hisia, akiona mtetemo wake mdogo umekuwa mkubwa, huku anatapika, anahara au anayumba, awahi hospitali siku hiyohiyo, kwa maana huenda dawa imezidi katika damu.

Mama amerudia dozi zake kama zilivyoandikwa. Kliniki ijayo nitamwomba daktari aangalie kama vidonge vinaweza kuondolewa abaki na dawa ya kuvuta, na amwangalie Mama anavyoivuta, kwa sababu naona moshi mwingi unamtoka mdomoni kabla haujafika kifuani.