Chura Aliyenikojolea

Oktoba 1994 nilikuwa nimemaliza mtihani wa darasa la saba, nasubiri matokeo, na mama hakutaka nizurure mjini. Akanipandisha basi kwenda kwa mjomba, kijijini huko Dodoma Vijijini. Mjomba alikuwa anafyatua matofali ya nyumba yake, na udongo tuliuchimba kwenye lambo lililokauka tangu Julai. Udongo wa mbuga, mweusi, una nyufa za kumeza mguu. Ukipiga jembe linakurudia, kwa hiyo tulitumia sururu.

Siku ya tatu au ya nne, shimo likiwa limenifika kiunoni, nilivunja bonge nikaona kitu kimejikunyata ndani yake, saizi ya ngumi. Kilikuwa kimevikwa kitu kama nailoni iliyokauka, rangi ya udongo wenyewe. Miguu imekunjwa chini ya tumbo, macho yamefumbwa, na pasipofunikwa ni matundu mawili tu ya pua.

"Mjomba, kuna chura kafia huku! Amevishwa sanda!"

"Hajafa, amelala. Mwache hapohapo."

Nilikuwa na miaka 13. Nikamshika, nikamminya nione kama kweli yu hai. Akanikojolea. Wala hayakuwa matone mawili matatu: kiganja kilijaa, yakatiririka mpaka kwenye kiwiko, maji meupe yasiyo na harufu. Nikamtupa chini, nikajifuta kwenye kaptura huku natukana.

Mjomba alikasirika kuliko nilivyotegemea. "Hayo ndiyo maji yake! Mvua mpaka Desemba, wewe umeshammwagia akiba yote."

Nikadhani ananitania. Miaka mingi baadaye ndipo nilipokuja kusoma kwamba alikuwa sahihi. Chura huyu, kabla tope halijakauka, hujaza kibofu maji na kuzama ardhini. Huko chini ngozi yake ya juu inajitenga tabaka kwa tabaka bila kubanduka, zinagandana na kuwa ile sanda niliyoiona, isiyopitisha unyevu kirahisi. Maji ya kibofu hurudi mwilini kidogo kidogo, miezi na miezi. Chura tuliyefundishwa darasani alikuwa na vidole vyenye utando na ulimi wa kunata, na kila mara amechorwa kando ya bwawa. Sina ubishi naye, lakini Dodoma angeishi wapi?

Maji yetu ya kunywa yaliletwa na punda kutoka kisima cha mbali. Mjomba akapima makopo mawili kutoka kwenye dumu, akasema hayo ni ya kwangu, leo sitaoga. Tukayamwaga shimoni, tukakoroga tope, tukamkalisha chura juu yake. Nikamsogezea kopo mdomoni, mjomba akacheka mpaka akaketi. Chura hanywi kwa mdomo. Ngozi ya tumbo ndiyo inayofyonza. Alikaa tu, ameganda. Kisha ile sanda ikalainika, ikachanika, akaivuta kwa mikono na kuisukumiza mdomoni mpaka ikaisha. Mimi nilitaka kutapika.

"Mwenzako hatupi kitu," mjomba akasema.

Jioni tumbo lilikuwa limetuna. Ndipo akaanza kuzama, kinyumenyume. Kwenye kila mguu wa nyuma, karibu na kisigino, ana kinundu kigumu chenye makali, jembe la kuzaliwa nalo. Alikwangua kushoto, akakwangua kulia, huku anajizungusha taratibu kama anayejitafutia mkao kitini. Makalio yalitangulia, uso ukabaki unatutazama mpaka tope likaufunika.

Kesho yake tulihamia upande wa pili wa lambo, ambako udongo ulikuwa mgumu zaidi. Mjomba hakunisemesha mpaka saa nne.

Januari alikuja mjini kututembelea. Nikampa shikamoo, na kabla hajaketi nikamuuliza habari za chura.

"Mvua imenyesha, lambo limejaa, wanaunguruma usiku kucha hatulali," akasema. "Sasa wako ni yupi, mimi sijui."