Saa Sita ya Goma

Habari ilifika Birere, mtaa wetu wa mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, Jumatatu, tarehe 10 Juni 2019, ikiwa ndani ya simu ya mwanafunzi mmoja wa informatiki aliyezoea kukesha ili atumie mega za intaneti za usiku, maana za mchana zilikuwa zinamshinda. Usiku wa kuamkia siku hiyo, kule Los Angeles, Microsoft walikuwa wametangaza kwamba mchezo wao wa kurusha ndege, Microsoft Flight Simulator, unarudi mwaka 2020. Kijana akapakua ile video fupi ya tangazo, na kabla hajanawa uso akatuandikia: "Mukuye jioni. Kuko kitu."

Tuliokuwa tunaitwa tulikuwa watu watano au sita, kutegemea nani anamkimbia nani kwa deni. Tulikuwa tukikutana katika chumba cha nyuma cha sekretaria ya Yaya. Mbele, Yaya alikuwa anapiga fotokopi, anachapa barua za kuomba kazi na kupiga picha za kadi. Nyuma, kati ya makasha ya karatasi, kulikuwa na mashini moja nzito yenye Flight Simulator X ya mwaka 2006, na joistiki ya mtumba iliyovushwa kutoka Gisenyi, ng'ambo ya mpaka kule Rwanda, ambayo kitufe chake kimoja kilikuwa kimekufa kabla haijatufikia. Mlangoni kulikuwa na ndoo ya maji ya klori, kwa sababu Ebola ilikuwa Beni na Butembo na mji mzima ulikuwa unaingoja. Ulikuwa unanawa, unasalimia kwa kiwiko, ndipo unaingia kuwa rubani.

Mtu wa mbali anaweza kushangaa kwa nini watu wa Birere, mahali ambapo hata mvua ikinyesha ni shida, wanapoteza jioni zao kwa jambo kama hilo. Hajalala Birere. Njia ya kurukia ya uwanja wa Goma inaelekeza pua kwetu: ndege ikiondoka kuelekea ziwani inapita juu ya mabati yetu, na mtoto anajifunza kutofautisha sauti ya Antonov na ya Let 410 kabla hajajua kusoma. Na tarehe 15 Aprili 2008 ndege moja ya abiria, DC-9, ilishindwa kupaa, ikapitiliza na kuingia katikati ya nyumba na maduka yetu. Waliokufa walikuwa wa ndani ya ndege, na walikuwa pia watu waliokuwa wamesimama sokoni wakiuliza bei. Mama yangu, akisikia kwamba naenda "kucheza ndege", alikuwa anasonya tu na kugeukia sufuria yake. Sikuwahi kumbishia.

Jioni ile alikuwepo mwanafunzi mwenye video. Kambisti mmoja aliyekuja na meza yake ya kubadilishia pesa chini ya kwapa, kwani hakuamini kuiacha nje. Motari mmoja, mwendesha pikipiki ya abiria, mzaliwa wa Walikale. Mimi, niliyekuwa nafundisha jiografia katika shule ya sekondari. Na mzee tuliyemwita Papa Mekanisie. Huyu alikuwa ameshinda miaka yake ya nguvu chini ya mabawa, akifungua na kufunga injini za ndege ndogo zinazoelekea porini. Alikuwa haongei sana. Akikaa kwenye mashini alikuwa anarusha polepole, kwa mkono mmoja, na kila akitua alizima injini kwa utaratibu wote, hata kama nyuma yake kuna watu watatu wanangoja zamu.

Tulitazama video mara ya kwanza, umeme ukakatika katikati. Jenereta ikawashwa, na Yaya akapitisha kichwa mlangoni kutukumbusha kwamba esansi hainunuliwi kwa makofi. Tukaanza upya.

Nakumbuka mawingu kuliko kitu kingine. Katika mchezo wetu wa zamani wingu lilikuwa picha iliyobandikwa. Ukilipita unaona limegeuka likufuate. Haya ya kwenye video yalikuwa na tumbo na kivuli, na mwanga ulikuwa unapenya kwenye kingo zake kama unavyopenya juu ya ziwa Kivu jioni baada ya mvua. Tangazo lilisema dunia nzima imejengwa kwa data za satelaiti na akili bandia ya Azure, zile kompyuta za mbali za Microsoft. Chumba kikanyamaza. Kisha motari akasema:

"Iyi ni sinema. Haiko mchezo."

Mwanafunzi akaapa kwamba picha zimetoka ndani ya mchezo wenyewe. Kambisti akacheka kicheko chake cha kukataa noti iliyochanika.

"Bongo, uongo mutupu! Mulisahau Hawaii?"

Hatukuwa tumesahau. Mwaka 2009 Microsoft walikuwa wamefunga ile studio iliyotengeneza mchezo wetu. Halafu mwaka 2012 wakaleta kitu kinachoitwa Microsoft Flight, cha bure, ambacho dunia yake ya bure ilikuwa kisiwa kimoja tu cha Hawaii, ukitaka zaidi ununue. Kabla mwaka ule haujaisha walikuwa wameacha kukiendeleza. "Walitupa kisiwa," kambisti alisema, "kisha wakachoka hata na kisiwa. Leo wanatuletea dunia nzima, nasi tunapiga makofi." Alikuwa mtu wa kuhesabu, na hesabu yake ya pili ndiyo iliyouma zaidi. Mchezo wa 2006 ulikuja kwenye DVD mbili. Ukishauingiza, hauna haja na mtu. Huu mpya, kama kweli unachota picha za satelaiti, utazichota kwa njia gani? Kwa intaneti. Kwa mega za nani? Video yenyewe, fupi namna ile, ilikuwa imemla mwanafunzi usiku mzima.

Hapo sikuwa na la kujibu, na mpaka leo naona kambisti aligusa mahali penyewe. Mchezo ulipotoka kweli, Agosti 2020, uliomba nafasi ya gigabaiti 150 kwenye diski, na wale wa Ulaya waliotaka kuepuka kupakua waliuziwa kasha lenye DVD kumi. Lakini jioni ile ya Juni hatukuwa na namba hizo. Tulikuwa na shaka tu, na shaka isiyo na namba inabishaniwa usiku kucha.

Mimi nilikuwa upande wa matumaini, na tumaini langu lilikuwa mlima. Katika mchezo wa zamani Nyiragongo ilikuwa kama kichuguu kilichonyeshewa, hata ukiitafuta kwa makusudi unaipita. Mlima wa mita 3,470, wenye kreta pana, ambao wakati ule ulikuwa na ziwa la lava na usiku ulikuwa unayapaka mawingu rangi nyekundu mpaka tukiwa kitandani tunaona! Mlima huo ndio ulioshusha lava mwezi Januari 2002, ikakata mji katikati na kufunika sehemu ya kaskazini ya njia ya kurukia, hivi kwamba kwa miaka mingi ndege za Goma zilitumia kilichobaki. Nilitaka kuona kama satelaiti yao imeiona ile lava. Nikawaeleza wenzangu kama darasani: satelaiti zinapita juu ya kila mtu, hazichagui, anayechagua ni yule anayenunua picha. Na sisi tuko karibu na ikweta, mawingu hayatuachii, kwa hiyo picha safi ya Goma huenda ikawa ya zamani.

"Kwa hiyo utarusha Goma ya wakati gani?" motari aliuliza.

Swali zuri kuliko maelezo yangu.

Yeye mwenyewe alikuwa na ombi moja tu, nalo lilikuwa Kilambo. Kwa asiyejua: Kilambo iko Walikale, na kwa miaka mingi ndege zilikuwa zinatua pale juu ya barabara ya lami. Watu na magari wanasimamishwa, ndege inashuka, inapakia mifuko ya kasiteriti, madini ya bati, iliyotoka mgodi wa Bisie kwa migongo ya watu, inageuka, inaondoka, na barabara inarudi kuwa barabara. Motari alikuwa amekulia huko. Utotoni alikuwa mmoja wa wale wanaokimbia pembeni. Katika mchezo wetu Kilambo haikuwepo kabisa, pori tupu. Sasa alikuwa anauliza: mchezo unaoziona barabara zote za dunia, si utaiona na ile? Mwanafunzi akasema ndiyo, itaiona. Kambisti akasema itaiona kama barabara, na itakupangia malori juu yake. Wakabishana kuhusu malori ya Kilambo mpaka Yaya akaja kuuliza kama tunauza malori.

Muda huo wote Papa Mekanisie hakuwa amesema neno. Alikuwa ameomba arudishiwe kipande kimoja cha video, ndege inapoondoka, akakitazama huku kainamisha kichwa kama anayesikiliza injini. Mwanafunzi, kwa heshima, akamgeukia:

"Papa, munaonaje?"

"Inapendeza," alisema. "Lakini itajua saa sita ya Goma?"

Hatukuelewa. Akavuta kiti. Uwanja wetu, alisema, uko mita 1,551 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi tayari asubuhi, na jua likipanda inazidi kuwa nyepesi. Saa sita mchana, joto likifika digrii 26, ndege inajisikia iko zaidi ya mita 2,200. Bawa linashika hewa kidogo, propela inashika kidogo, injini inavuta kidogo. Njia iliyokutosha saa kumi na mbili asubuhi haikutoshi tena saa sita. "Na mwisho wa njia," alisema, akanyosha kidole chini, kwenye sakafu ya sekretaria, "ni hapa."

Mwanafunzi akafurahi, kwa sababu hilo alikuwa analijua. Akaeleza kwamba hata mchezo wa zamani unahesabu joto na mwinuko. Kwamba mchezo mwenzake, X-Plane, unakata bawa vipandevipande na kuhesabu nguvu ya kila kipande. Kwamba huu mpya hauwezi kukosa kufanya hivyo au zaidi. Akafungua mashini, akaweka Goma, saa sita, digrii 26, akaandika uzito wa mwisho unaoruhusiwa, akamkabidhi mzee joistiki. Papa akaondoa breki. Ndege ikakokota, ikakokota, ikainuka karibu na mwisho.

"Munaona?" mwanafunzi alisema. "Inajua."

"Inajua kilo ulizoiandikia," Papa alijibu. "Sasa niambie, katika Goma, kilo zilizoandikwa ni kilo gani?"

Kambisti alipiga meza yake kwa kucheka mpaka noti zikamwagika. Lakini mzee hakuwa anachekesha. Alituambia jinsi gunia moja linavyoongezwa mlango ukiwa unafungwa, kwa sababu ni la shemeji ya mtu. Halafu la pili, kwa sababu la kwanza limeonekana. Karatasi inabaki ileile. Rubani anasaini karatasi, anarusha magunia. Akasema katika maisha yake ya kazi hakuhofia ndege nzee kama alivyohofia karatasi safi. Kama hawa watu wa satelaiti wanataka kutengeneza Goma, alisema, waweke mahali pa kuandika kilo, na pembeni yake mahali ambapo mashini yenyewe inaongeza magunia bila kumwambia rubani. Hapo atanunua.

Nimesoma mengi baadaye kuhusu mchezo ule, jinsi watengenezaji wake wa Bordeaux walivyozidisha sehemu za ndege zinazohesabiwa mpaka zikapita elfu moja, na wapenzi wa nchi nyingine waliolalamikia mambo ya vitufe na rangi za skrini. Sijaona aliyeuliza swali la Papa. Pengine sehemu nyingine magunia hayana shemeji.

Mwisho ilikuwa lazima kuwekeana dau, maana sisi bila dau hatuwezi kulala. Kambisti dhidi ya mwanafunzi, kreti moja ya bia ya Primus. Mwanafunzi anashinda kama Goma itaonekana na mabati ya Birere, mlima ukiwa na kreta. Kambisti anashinda kama tutakuta pori, au kama hakuna mtu Birere atakayeweza kuupakua. Motari akataka Kilambo iingie. Wakampa chupa mbili nje ya kreti. Mimi nikapewa kuwa mwamuzi wa mlima. Papa akasema yeye hawekei dau ndege, ila kama kutakuwa na bia atakuja.

Kambisti hakutaka maneno ya mdomo. Tukaenda mbele kwa Yaya, akachapa masharti kwa Kifaransa cha ofisini, akatulipisha ukurasa, akatafuta kashe, muhuri wa sekretaria, na wino wake. Kabla hajagonga akasoma karatasi yote kwa sauti, akasimama, akatutazama mmoja mmoja.

"Na kama mchezo hautatoka kabisa mwaka 2020?"

Hakuna aliyekuwa amelifikiria. Akarudi kwenye mashini, akaongeza sharti la nne: ikiwa mchezo hautatoka, kreti ni ya mwenye jenereta. Akagonga kashe, sote tukasaini, kisha akatuomba pesa ya esansi.