Shairi Lililoandikwa kwa Maji

Jumamosi ile jua lilitoka, na Chengdu, mji mkuu wa jimbo la Sichuan huko China, jua si jambo la kila siku. Wachina wana msemo kwamba mbwa wa Sichuan hulibwekea jua kwa kutolizoea. Ilikuwa Novemba 2013, mwaka wangu wa kwanza ugenini, ule ambao sisi tuliopewa ufadhili tulikaa darasani kujifunza Kichina tu kabla ya kuingia kwenye fani zetu. Wiki hiyo mwalimu alikuwa ametukaririsha shairi la Du Fu, mshairi wao wa kale, kuhusu mvua njema inayokuja usiku bila kelele na kulowesha kila kitu taratibu. Nikasema, leo naenda kumwamkia mwenyewe.

Nasema kumwamkia kana kwamba yu hai. Alizaliwa mwaka 712, akafa 770, na kibanda chake cha nyasi kando ya kijito cha Huanhua kimejengwa upya mara nyingi. Yanayotajwa zaidi ni matengenezo makubwa ya 1500 na ya 1811. Lakini mimi nimelelewa na babu mshairi, na mshairi kwetu haendewi kama kaburi.

Babu yangu wa Pangani hakutoa kitabu wala hakusomwa redioni. Harusi, msiba, ugomvi wa mpaka wa shamba, vyote alivitia kwenye beti, huku kidole gumba kikigusa vidole vingine kimoja kimoja kuhesabu mizani, nami nimemshikia kibatari. Akiishiwa sukari, alimwandikia jirani ubeti wa kuomba, na jirani akijibu kwa ubeti, sukari inakuja na karatasi. Basi niliposoma kwamba Du Fu alifika Chengdu mwishoni mwa 759, akikimbia vita na njaa pamoja na mke na watoto, kisha akawa anawaomba watu kwa mashairi miche 100 ya mipichi, na mianzi, na hata mabakuli ya kulia chakula, sikuhitaji tena kuelezwa ni mtu wa namna gani.

Kilichonifunga kwake hasa ni shairi la paa. Mwaka 761, mwezi wa nane kwa kalenda yao, upepo ulizoa matabaka matatu ya nyasi za kibanda chake. Nyingine zilivuka mto, nyingine zikanasa juu ya miti. Watoto wa kijiji cha kusini walipoona mzee hana nguvu, wakazibeba machoni pake na kutokomea nazo kwenye mianzi. Alipiga kelele mpaka mdomo ukamkauka, akarudi akiegemea fimbo. Usiku mvua ikaja. Blanketi lake la miaka mingi lilikuwa baridi kama chuma, na mwanawe, ambaye hulala vibaya, alikuwa amelichana kwa mateke.

Mateke hayo ndiyo yaliyoniliza. Mimi na mdogo wangu tulilala kitanda kimoja kwa miaka, na chandarua chetu kilikuwa na tundu usawa wa miguu yake. Mama alilishona, likafumuka, akalishona tena. Sikuwahi kudhani kuwa tundu kama lile linaweza kuingia kwenye shairi na kukaa humo zaidi ya miaka 1,200.

Mwishoni anatamani nyumba ya vyumba maelfu kwa maelfu, iwasitiri wasomi maskini wote waliopo chini ya mbingu, hata kama kibanda chake kitabaki kimebomoka na yeye afe kwa baridi. Watu hunukuu hapo, na wana haki. Mimi naupenda mwisho huo kwa sababu kabla yake amewaita wale watoto wezi. Hakujifanya malaika. Alikasirika, akalowa, akakosa usingizi, ndipo akawakumbuka wengine wanaolowa.

Nilipotoka kukitazama kibanda, nje ya lango nilimkuta mzee akiandika chini, kwenye jiwe la njia. Brashi yake ilikuwa na mpini mrefu kama wa fagio, na kando kopo la maji. Alichovya, akaandika herufi moja, akarudi nyuma hatua moja, akaandika nyingine. Nilizitambua. Lilikuwa lile lile shairi la mvua: mistari minane, herufi tano kila mmoja, arobaini kwa jumla. Nikaanza kusoma kwa sauti nyuma yake.

Alisimama. "Si samaki," akasema. "Ni mvua."

Neno lao la mvua na la samaki hutofautiana kwa sauti tu. Ukiipandisha ni samaki, ukiishusha kisha ukaiinua ni mvua. Alilitamka mara tatu, polepole, nami nikarudia mpaka akatikisa kichwa kwamba sawa. Tukasoma pamoja kuanzia mwanzo. Tulipofika mstari wa mwisho, ule wa maua yaliyolemewa na maji, mstari wa kwanza ulikuwa umeshakauka.

"Kwenu kuna washairi, kijana?"

"Wapo, yeye," nikamjibu. Wachina humwita babu yeye, na kila mara nilipolitamka neno hilo lilinipeleka nyumbani. "Babu yangu alikuwa mmoja wao."

Sikumwambia kwamba babu alikuwa ameshafariki, wala kwamba daftari zake zililowa masika moja, kurasa zikashikana, zikaishia kutupwa. Nilikumbuka mstari mmoja tu, alioutunga papo hapo asubuhi moja mama alipokuwa akitugombeza kwa godoro lililolowa:

Paa likivuja juu, godoro halina kosa.

Nilimsomea kwa Kiswahili kwanza. Akaomba tena. Safari hii alikunja vidole, kimoja kimoja, midomo ikicheza. "Nane," akasema. "Halafu nane."

Hakuwa amejua neno hata moja, lakini mizani alikuwa ameishika. Nilishindwa kusema kitu kwa muda.

Kisha nikamfasiria, kwa Kichina changu cha miezi miwili. Juu ya nyumba, maji yanaingia. Kitu cha kulalia, laini. Hakijafanya kosa. Akanitazama, akatazama kule kwenye paa la nyasi, akacheka kwa furaha mpaka akaegemea brashi yake. Akaanza kunieleza kuhusu nyumba aliyozaliwa, haraka mno kwa masikio yangu. Akaona naachwa, akalaza brashi chini, akanionyesha kwa mikono: hapa beseni, pale ndoo, na katikati, amejikunja, watoto wanne kwenye kitanda kimoja.