Seneti ya kwanza, na kura ya baba

Juzi, kipindi cha mwisho kabla ya adhuhuri, msichana mmoja wa kidato cha nne aliniuliza: "Mwalimu, Kenya ilishawahi kuwa na Seneti kabla ya hii?" Nikamwambia ndiyo, ya 1963. Kengele ikalia, watoto wakatoka. Jibu lile limenikaa kooni tangu hapo, maana kwetu nyumbani jambo hilo halijawahi kujibiwa kwa neno moja.

Babu mzaa mama, mtu wa Kibokoni hapa Mombasa, alikuwa Mwambao, yaani wa kundi lililotaka pwani isiingizwe Kenya. Kwake ukanda wa pwani wa maili kumi ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, nao Waingereza walikuwa wapangaji tu tangu mkataba wa 1895. Ushahidi wake ulikuwa pale Ngomeni (Fort Jesus), bendera nyekundu ya Sultani ikipepea kila siku ya Mungu. "Mpangaji akihama," alikuwa akisema, "nyumba humrudia mwenyewe."

Baba ni Mrabai, mmoja wa Mijikenda wa hapa pwani. Mwaka 1963 alikuwa kijana wa miaka 21, karani wa tali pale Kilindini, na mtu wa chama cha KADU kindakindaki. Kwake kumrudishia Sultani pwani kulikuwa kuwarudishia wenye hati mashamba ambayo wazee wake walilima vizazi na vizazi bila hati. Alitaka pwani iwe jimbo lenye bunge lake ndani ya Kenya. Mama alipoposwa 1969, majimbo yalikuwa yamekwisha kitambo, lakini wazee wa pande zote mbili bado walichagua maneno yao.

Hayo majimbo yalipangwa London, Lancaster House, katika mkutano wa 1962. Chama cha KANU, cha Kenyatta, Mboya na Odinga, kilitaka serikali moja yenye nguvu Nairobi. KADU ilikuwa ya kina Ronald Ngala, aliyewahi kuwa mwalimu mkuu wa Buxton hapa mjini, pamoja na Masinde Muliro na Daniel arap Moi. Wao waliogopa kwamba jamii kubwa zingemeza ndogo. Walowezi wengi wa kizungu nao waliupenda mpango wa majimbo, na hilo KANU hawakuchoka kulitaja. Yakatoka majimbo saba na eneo la Nairobi, kila jimbo na bunge lake. La Pwani makao yake yalikuwa hapa Mombasa.

Bunge la kitaifa likagawanywa mara mbili: Baraza la Wawakilishi, na Seneti ya watu 41, mmoja kwa kila wilaya na mmoja wa Nairobi. Kazi kubwa ya Seneti ilikuwa ulinzi. Vifungu vya katiba vilivyoyalinda majimbo havikuguswa bila robo tatu ya Wawakilishi na asilimia 90 ya maseneta. Piga hesabu: ni maseneta 37. Watano wakikataa, basi. Nimeifanya hesabu hiyo ubaoni mara nyingi na kila mara nashangaa jinsi ule ukuta ulivyoonekana mrefu.

KANU walishinda uchaguzi wa Mei 1963, Madaraka (kujitawala kwa mambo ya ndani) yakaja tarehe 1 Juni, Uhuru tarehe 12 Desemba. Suala la Mwambao lilimalizwa Oktoba, Kenyatta na Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, walipokubaliana: ukanda uingie Kenya, mahakama za Kadhi na hati za ardhi ziheshimiwe. Bendera ya Ngomeni ikashuka. Mwezi mmoja tu baada ya uhuru wetu, Januari 1964, Sultani mwenyewe akapinduliwa. Babu aliacha kuzungumza siasa barazani kuanzia hapo. Kahawa alikunywa, akasikiliza, akaondoka.

Baba hakunyamaza, na hapa ndipo ninapomwamini kuliko vitabu tunavyofundishia. Vitabu husema majimbo yalishindwa. Yeye husema yalinyimwa. Jimbo lilikuwa na bunge, lakini fedha zake kwa sehemu kubwa zilitoka Nairobi, na Nairobi ilikuwa mikononi mwa chama kilichosema wazi kwamba hakiutaki mpango wenyewe. Wabunge wa upinzani wakaanza kuvukia KANU mmoja mmoja. Tarehe 10 Novemba 1964 Ngala akaivunja KADU na kujiunga na serikali. Ukuta wa asilimia 90 haukubomolewa na mtu, waliokuwa wakiulinda ndio waliotoka. Desemba 12 tukawa jamhuri, Kenyatta rais, na kufikia mwanzo wa 1967 Seneti nayo haikuwepo tena.

Ndiyo maana 2010, katiba mpya ilipotangazwa, baba hakuuliza habari za magavana wala kaunti 47. Aliniomba nimsomee sehemu ya fedha. Nikamsomea: kaunti zipewe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akauliza kama imeandikwa "zipewe" au "zinaweza kupewa." Nilipomhakikishia, alivua miwani akaifuta kwa kanzu, polepole sana.

Nimemwomba aje darasani Alhamisi. Amekubali, ila anataka kiti chenye mgongo, na yule msichana akae mbele ili amsikie vizuri.